Usiache kinini cha kifafa kwa sababu huanguki tena

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, wengi wenu mnatuuliza: «Munganga, nimekunywa dawa ya kifafa miezi mitatu na sianguki tena. Kwa nini nisiache?» Ili kujibu, lazima tuingie kidogo ndani ya ubongo.

Ubongo unafanya kazi kwa kuranti ndogo sana. Kila chembe inapasha habari chembe jirani, kisha inatulia. Wakati wa kifafa, chembe nyingi zinatuma kuranti pamoja bila kutulia. Ndipo mtu anaanguka na kutetemeka. Si uchawi, na mate yake hayaambukizi mtu.

Ubongo una freni yake yenyewe, kitu kinachoitwa GABA. Fenobarbitali, ambayo wengi mnaiita Gardénal, inasaidia freni hiyo ikamate kwa muda mrefu zaidi. Karbamazepini ina njia nyingine: inafunga milango midogo ambamo sodiumu inaingia ndani ya chembe, ili chembe isitume kuranti mfululizo. (Sodiumu iko katika chumvi, lakini hiyo si sababu ya kula bukari na mboga bila chumvi!)

Angalieni vema: dawa haing'oi kifafa. Inashika freni wakati iko ndani ya damu tu. Fenobarbitali inatoka polepole. Kwa mtu mzima, nusu yake inaondoka kwa siku 3 au 4 hivi. Kwa hiyo anayeacha Jumatatu haanguki Jumanne, naye anajisifu kwamba amepona. Kumbe freni inalegea kila siku, na ubongo uliozoea dawa unashtuka. Mashambulio yanaweza kufuatana bila mtu kuamka, na hiyo inaua. Shambulio likipita dakika 5, mpelekeni lupitalo mara moja. Msimtie kijiko mdomoni; mlazeni kwa ubavu, mbali na babula.

Pombe, na lutuku zaidi, inakanyaga freni ileile. Pamoja na fenobarbitali, usingizi unaweza kuzidi hata pumzi ikapungua. Na pombe ikiisha mwilini, kifafa kinarudi.

Wengine wanaficha ugonjwa ili wasiondolewe shimoni. Tunaelewa, kuna watoto wa kulisha. Lakini ukianguka juu ya ngazi, unamwangukia na mwenzako aliye chini. Mwambie munganga.

Siku ya kupunguza dawa inaweza kufika, mara nyingi baada ya miaka 2 bila kuanguka. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, na munganga ndiye anayehesabu. Mama mwenye mimba vilevile asiache peke yake, aje kwanza.