MJUE MBWA WAKO, UMKINGE NA KICHAA

Siku moja tukiwa darasani hapa Mlali, wilaya ya Kongwa, tuliuliza swali: "Nani kati yetu ana mbwa nyumbani?" Mikono mingi ilinyooshwa. Tukauliza tena: "Na nani leo asubuhi amempa mbwa wake maji?" Watu wakacheka. Ulibaki mkono mmoja tu, wa bibi mmoja aliyekaa nyuma. Bibi akasema, "Nyie chekeni tu. Wangu akikosa maji, usiku halindi."

Bibi yule alisema kweli. Mbwa hulinda mbuzi zizini ili fisi asiingie. Hufuatana na watoto machungani. Hubweka mtu asiyemjua akifika usiku. Kazi anaifanya, lakini nyumba nyingi hazimhesabu. Kuku ana banda, ng'ombe ana zizi, mbwa anaambiwa "toka hapa!"

Leo tutajifunza kumtunza mbwa. Tutajifunza pia kuzijua tabia zake za kila siku. Jambo hili la tabia linaweza kuokoa maisha ya mtoto wako. Tusome pamoja tuone kwa nini.

1. CHAKULA NA MAJI

Mbwa hahitaji chakula cha dukani. Mpe ugali wa mahindi, uwele au mtama, pamoja na mchuzi, dagaa au mabaki ya nyama iliyopikwa. Ugali mtupu kila siku humdhoofisha. Mpe chakula saa ile ile kila siku. Mbwa anayejua saa yake ya kula hazururi sana kijijini kutafuta jalala.

Mambo mawili tuyakumbuke. Kwanza, usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Hiyo huvunjika vipande vyenye ncha kali, ikamchoma kooni au tumboni. Pili, mnyama akichinjwa usimtupie mbwa mapafu au maini mabichi yenye vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo mna watoto wa minyoo aina ya tegu. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaingia kwenye mikono ya watoto na kwenye chakula. Mtu akiyameza anaweza kuota vifuko hivyo hivyo ndani ya ini au mapafu yake. Vichome moto au vifukie kwenye shimo refu.

Maji yawepo mchana kutwa. Sufuria bovu au dumu lililokatwa linatosha. Liweke kivulini. Sisi tukisikia joto tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho kidogo tu, chini ya nyayo zake. Yeye hupoa kwa kuhema na kutoa ulimi nje. Kwa hiyo jua la Dodoma likiwaka, ukamwona anahema kivulini, huo si ugonjwa. Anajipoza.

2. KUPE, VIROBOTO NA MINYOO

Mkague mbwa wako mara kwa mara. Tazama ndani ya masikio, shingoni, na katikati ya vidole vya miguu. Hapo ndipo kupe hupenda kukaa. Ukimtoa kupe, usimpasue kwa vidole. Nawa mikono kwa sabuni.

Usimwogeshe mbwa kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa ikizidi ni sumu, naye hujiramba, akaimeza. Muulize Afisa Mifugo kipimo. Muulize pia dawa ya minyoo. Fagia mahali mbwa anapolala, na magunia anayolalia yaanike juani. Mayai ya viroboto huangukia humo.

Watoto wa mbwa nao wana mahitaji yao. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, yaani majuma 9. Watoto huzaliwa wamefumba macho, wakayafumbua baada ya juma moja na nusu au mawili. Usimtenge mtoto na mama yake kabla ya majuma 8. Anayetengwa mapema hakui vizuri, wala hajifunzi kuishi na wenzake.

Huko mijini na nchi za nje wako watu wanaofuga mbwa wadogo sana. Kimo cha wengine hakifiki sentimita 30. Manyoya yao yamejisokota, tena huendelea kuota kama nywele za mtu, hivyo ni lazima yachanwe na kukatwa. Wetu hana haja ya kinyozi. Lakini mbwa yule wa kupakatwa na mbwa wetu wa zizini ni mnyama mmoja. Wote hupata kupe, wote hupata minyoo, na wote huchanjwa chanjo ile ile ya kichaa.

3. TABIA ZA KILA SIKU

Mbwa ana mambo yake. Kabla ya kulala huzunguka mara mbili tatu mahali pamoja. Huchimba udongo ili alale penye ubaridi. Hufukia mfupa, kesho akaufukua. Mara moja moja hula majani. Hukojoa kwenye kila nguzo. Kwake huko ni kama kuacha barua, maana mbwa mwingine akipita hunusa na kujua nani amepita. Sisi tumejifunza kusoma herufi, yeye anasoma harufu.

Si kila mbwa anayetikisa mkia ni rafiki. Mkia ukiwa umesimama wima na mwili umekakamaa, usimsogelee. Tuwafundishe watoto wasimguse mbwa anayekula, aliyelala, au anayenyonyesha.

Tena kila mbwa ana tabia zake peke yake. Mmoja anawapokea watoto njiani. Mwingine anaogopa radi. Mwingine haingii ndani hata ukimwita. Wewe uliyekaa naye unazijua. Sasa tunakuomba uziandike. Chukua daftari lako, umpe mbwa ukurasa wake mmoja. Andika jina lake, mwaka aliozaliwa, anapolala, anachopenda, anayemwogopa, na tarehe aliyochanjwa. Dakika 10 zinatosha.

4. TABIA IKIBADILIKA

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Baba mmoja alitusimulia yaliyompata, nasi tunayaandika kwa ruhusa yake.

Mbwa wake alikuwa na desturi ya kuwapokea watoto jioni. Siku moja hakuwapokea. Alijificha chini ya kihenge. Mtoto mdogo alipomfuata, akamng'ata mkononi. Kidonda kilikuwa kidogo, kama mkwaruzo wa mwiba. Wakapaka majivu, wakasahau.

Kesho yake mbwa hakula. Taya la chini lilining'inia na udenda ukamtoka. Baba akadhani amekwamwa na mfupa. Akasema, "Mama watoto, niletee tochi nimtoe huo mfupa." Mama akamshika mkono. Akamjibu, "Baba watoto, usimguse. Huyu si mbwa wetu wa juzi. Jana amemkataa mtoto, leo hata sauti yake siijui."

Maneno yale yaliwaokoa. Mama alimwosha mtoto kidonda kwa maji na sabuni. Alfajiri wakaondoka naye. Kituo cha kwanza walichofika hakikuwa na chanjo, wakaelekezwa mbele. Waliuza mbuzi wawili kulipia nauli na matibabu. Mbwa alikufa siku ya tatu. Mtoto alichomwa sindano zote, na leo yuko shuleni.

Baba yule alimaliza kwa kutuambia, "Afisa Mifugo alipita na chanjo miezi minne kabla. Mimi nilikuwa shambani. Nikasema nitampeleka safari ijayo."

5. KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Si uchawi, wala si hasira ya mbwa. Vijidudu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, au akikuramba penye kidonda, huingia mwilini. Husafiri pole pole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi 2 au 3. Lakini huweza kuwa juma moja, au hata kupita mwaka.

Safari hiyo ndiyo nafasi yetu. Chanjo ikitangulia, mtu anapona. Dalili zikianza kwa mtu, kama kuogopa maji na kushindwa kumeza, ni nadra sana kupona.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu watu 99 kati ya 100 wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa. Inakadiriwa kwamba unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka. Kwa Tanzania wataalamu wamewahi kukadiria watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Wengi wao ni watu wa vijijini, na watoto ni wengi.

Dalili za mbwa mgonjwa ni hizi:
- Tabia hubadilika. Mpole huwa mkali, na mkali huwa mpole kupita kiasi.
- Hung'ata bila kuchokozwa, au hutafuna vijiti, mawe na udongo.
- Sauti hubadilika.
- Udenda humtoka, taya hulegea, hushindwa kumeza.
- Hupepesuka, miguu hupooza, kisha hufa.

Angalia sana: si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia na kung'ata. Wengine hunyamaza, wakajificha. Kwa hiyo mbwa akishindwa kufunga mdomo, usiingize mkono kutafuta mfupa.

6. MTU AKING'ATWA

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:
(a) Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15. Hata kama kidonda ni kidogo.
(b) Usipake majivu, pilipili, maji ya betri wala majani. Usikifunge kwa kukibana.
(c) Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama mna simu, ulizeni kwanza chanjo iko wapi.
(d) Maliza sindano zote kwa tarehe ulizoandikiwa. Usiache kwa sababu kidonda kimekauka.
(e) Mwarifu Afisa Mifugo. Kama mbwa anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na kutazamwa siku 10. Usimsubiri mtu augue ndipo umpeleke. Aende kwanza, na mbwa atazamwe baadaye.
(f) Mbwa akifa, usimshike kwa mikono mitupu, wala usimtupe porini. Fisi na mbweha nao huambukizwa.

7. CHANJO

Chanjo ya ugonjwa huu haikuanza jana. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeitwa Joseph Meister. Mtoto huyo alikuwa ameng'atwa vibaya na mbwa. Akapona.

Lakini njia iliyo rahisi zaidi ni kumchanja mbwa kabla hajamng'ata mtu. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Haya yameonekana hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa wingi. Kichaa kikapungua sana, na watu waliong'atwa wakapungua pia. Kisiwani Pemba uchanjaji ulikifukuza kichaa. Mwaka 2016 kikazuka tena. Watu wa Pemba wakachanja tena, na mwaka 2018 wakakimaliza kwa mara nyingine. Funzo la Pemba ni hili: kuchanja mara moja na kukaa hakutoshi. Kila mwaka wanazaliwa watoto wa mbwa wengine.

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3. Hurudiwa baada ya mwaka, na kuendelea kama Afisa Mifugo atakavyosema. Mbwa mdogo naye usimwache nyumbani siku ya chanjo ya kijiji. Mpeleke, mtaalamu aamue. Siku hiyo mfunge kamba shingoni, na apelekwe na mtu mzima anayemjua. Ukipewa cheti, kiweke ndani ya daftari, kwenye ule ukurasa wa mbwa. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza mapema kama kutakuwa na chanjo karibu nawe.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba yule aliuza mbuzi wawili kwa sababu ya sindano moja ya mbwa. Tena anasema alikuwa na bahati. Kama mama watoto asingeijua tabia ya mbwa wao, angempoteza mtoto, na pengine mkono wake mwenyewe ungeingia katika taya lile.

Jioni ya leo, mbwa wako akija kukupokea, mtazame vizuri. Mpe maji. Kisha fungua daftari uandike.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mbwa hutoa ulimi nje wakati wa joto?
2. Kwa nini si vizuri kumpa mbwa mapafu mabichi yenye vifuko vya maji?
3. Taja dalili tatu za kichaa cha mbwa.
4. Kidonda cha kung'atwa huoshwa kwa nini, na kwa dakika ngapi?
5. Andika tabia nne za mbwa wako. Wasomee watu wa nyumbani, muulize kila mmoja kama umesahau moja.
6. Jadilini katika kikundi: katika kitongoji chenu mna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa? Nani atawapeleka waliobaki, na lini?