Picha Ikikwama Kwenye Runinga: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Kifaa Kipya

Mzazi wa Mayoni, katika Kaunti Ndogo ya Matungu, anayenunua bando ili mwanawe atazame masomo ya video kwenye runinga hupata hasara mara mbili picha inapokwama. Somo linapita bila kueleweka, na data iliyotumika hairudi. Wapo wanaopata hasara ya tatu: wanaenda dukani kununua kisanduku kipya, na usiku uo huo picha inakwama tena kwa sababu kosa halikuwa kwenye kisanduku.

Masomo ya aina hii si anasa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na COVID-19, Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) ilipeleka vipindi vyake redioni, kwenye runinga na kwenye YouTube. Tangu wakati huo wanafunzi wengi wamezoea kurudia somo kwa video nyumbani.

Kwanza, fahamu kifaa ulicho nacho. King'amuzi, kile ambacho Wakenya walilazimika kuwa nacho mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka wa 2015, hupokea picha kupitia antena na hakitumii data. Picha yake ikivunjikavunjika vipande vya mraba, kagua antena na waya wake. Kisanduku cha intaneti, au kijiti kinachochomekwa nyuma ya runinga, hutegemea intaneti. Makala haya yanahusu hicho cha pili.

Video hupita hatua tano kabla ya kuonekana: mnara wa mtandao, ruta au simu inayogawa intaneti, kisanduku, kebo ya HDMI, kisha runinga yenyewe. Kila hatua ina dalili zake.

Picha inasimama na duara linazunguka

Hapa mshukiwa wa kwanza ni intaneti. Cheza video ile ile kwenye simu iliyounganishwa na ruta hiyo hiyo, ukiwa umesimama kando ya runinga. Ikikwama na kwenye simu, kisanduku hakina hatia.

Kisha pima kasi ya intaneti kwa simu mara mbili, karibu na ruta na karibu na runinga. Ikiwa karibu na ruta unapata megabiti 10 kwa sekunde, na karibu na runinga unapata 2, tatizo limo ndani ya nyumba. Sogeza ruta karibu, iweke juu ya meza au rafu, mbali na ukuta mnene na vyombo vya chuma. Nyumba ya mabati huzuia mawimbi yanayotoka kwenye mnara, kwa hivyo ruta inayotumia laini ya simu hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa dirishani.

Ruta nyingi hutoa masafa mawili. Ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi na kupenya ukuta; ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini hudhoofika haraka. Chagua kulingana na umbali wa runinga.

Ikiwa asubuhi kasi ni nzuri na saa mbili usiku imeshuka ukiwa mahali pale pale, huenda watu wengi wanatumia mnara mmoja kwa wakati mmoja. Angalia pia masharti ya kifurushi chako: baadhi ya vifurushi hupunguza kasi baada ya kiasi fulani cha data kutumika.

Picha haisimami, lakini ina ukungu

Hii mara nyingi si hitilafu. Programu za video hushusha ubora zenyewe intaneti inapopungua ili kipindi kisikatike. Iwapo kasi ni nzuri na ukungu haondoki, fungua mipangilio ya ubora ndani ya programu. Huenda mtu aliiweka chini ili kuokoa data. Pia, huenda video yenyewe ilirekodiwa hivyo. Jaribu nyingine kabla ya kulaumu kifaa.

Skrini inazimika ghafla au inametameta

Hapa kagua waya na umeme. Chomoa kebo ya HDMI, irudishe kwa uthabiti, kisha jaribu tundu jingine la runinga. Azima kebo ya jirani kabla ya kununua yako.

Kijiti kinachojizima na kujiwasha huenda kinakosa nguvu. Tundu la USB la runinga nyingi hutoa nusu ampea tu, ilhali vijiti vingi huhitaji ampea 1 au zaidi. Tumia adapta iliyokuja nacho na uichomeke kwenye soketi ya ukutani.

Inaanza vizuri, inakwama baadaye

Gusa kisanduku. Kikiwa cha moto sana, kitoe nyuma ya runinga au ndani ya kabati kipate hewa. Kisipokuwa cha moto, kizime, chomoa umeme kwa dakika moja, kiwashe tena, kisha sasisha programu na ufute zile usizotumia. Nafasi ya kuhifadhi ikijaa, kifaa huwa kizito.

Hesabu ya data

Video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Ya megabiti 5, inayotosha picha safi kwenye runinga kubwa, hula takriban GB 2.25 kwa saa. Kwa somo la hesabu, ubora wa wastani (480p) kwa kawaida hutosha mradi maandishi ubaoni yasomeke. Kuushusha kunaweza kupunguza kukwama na gharama kwa pamoja.

Radi na umeme

Magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Ukiona dalili za mvua ya radi, chomoa runinga, kisanduku na ruta mapema. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Usiguse nyaya radi ikiwa imeshaanza kupiga.

Ukishindwa

Andika tarehe, saa na kasi uliyopima kwa siku kadhaa. Ikiwa kasi ni ndogo hata karibu na ruta, peleka rekodi hiyo kwa kampuni inayokuuzia intaneti na uombe nambari ya malalamiko. Usiporidhika na jibu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Ikiwa kasi ni nzuri, kebo ni nzima, umeme unatosha na simu inacheza video bila kukwama, basi hapo sasa ndipo pa kumpelekea fundi kisanduku.