Namba E, Gari la Lini?

Dalali wa Dar es Salaam haanzi na injini. Anaanza na herufi ya namba za usajili: "Namba E hii, bosi, bado mbichi." Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wanaotaka kununua gari lililokwisha kutumika nchini, pamoja na majibu ninayowapa.

Nimepata gari mbili za aina moja, moja namba C na nyingine namba E. E si ndiyo mpya?

Namba ndiyo mpya. Gari ni habari nyingine. Herufi zile zinafuata siku gari lilipoandikishwa TRA, hazijui lilitoka kiwandani lini. IST ya mwaka 2005 iliyoshuka bandarini juzi inapewa herufi zilezile za gari la 2018 lililoshuka siku hiyo. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka 8. Kwetu linaingia, ila mwenyewe analipa ushuru wa ziada kwa ajili ya uzee wake. Ndiyo maana gari kuukuu linaweza kutembea na namba za jana.

Kuna na magari ya mnada. Gari la serikali lenye namba za ST, au la mradi wa wafadhili lenye DFP, likishauzwa linavua namba hizo na kuandikishwa upya kama la mtu binafsi. Hapo linapata herufi za wakati huo. Unaweza kukuta Land Cruiser iliyopiga vumbi la vijijini miaka kumi ikauzwa mjini kwa jina la namba E, na muuzaji hajasema uongo hata kidogo. Basi ukiona gari lina umri mkubwa na namba changa, uliza moja kwa moja: kabla ya namba hizi lilikuwa na zipi? Binafsi siongezi hata shilingi kwa ajili ya herufi. Namba C iliyolelewa na mtu mmoja anayetunza risiti za gereji naichukua mbele ya E isiyo na historia.

Sasa umri wake nitaujuaje?

Anza na kadi. Ina mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya kuandikishwa, namba ya chasisi na ya injini. Kisha funga kadi, fungua mlango. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Kule chini mara nyingi kuna kilebo cha kitambaa chenye tarehe uliyotengenezwa mkanda wenyewe. Tarehe hiyo huwa karibu na ya gari. Kagua mikanda yote. Mmoja ukiwa wa miaka tofauti na wenzake, upande huo una hadithi, na mara nyingi hadithi hiyo ni ajali.

Halafu chukua tochi uitafute namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati. Isome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Alama za tupa, rangi mbichi mahali pale tu, au mshono wa kuchomelea: ondoka, hata bei ikiwa tamu. Na usihangaike na tovuti zinazodai namba yenye tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, yana namba fupi: msimbo wa modeli kama NCP61, kistari, kisha namba ya mfululizo.

Nikiwa na namba ya gari na simu tu, naweza kuona nini?

Madeni na bima. Mfumo wa polisi wa usalama barabarani unaonyesha faini ambazo hazijalipwa. TARURA wanaonyesha deni la maegesho. Mfumo wa TIRA unakuambia kama stika ya bima ni halali au ni karatasi tu. Madeni yote hayo yameandikwa kwenye namba ya gari, kwa hiyo ukinunua bila kuangalia, umenunua na faini za mwenzako. Mwambie muuzaji alipe mbele yako.

Usichokipata kwenye simu ni mlolongo wa wamiliki. Kwa hilo ongozana na muuzaji hadi TRA, kadi ihakikiwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Dalali anasema kadi ilipotea, ila ana karatasi ya polisi ya upotevu.

Kadi hupotea kweli. Lakini kadi halisi ya gari la mkopo hukaa kwa aliyekopesha, na "imepotea" ni neno rahisi la kuficha hilo. Mwenye gari aombe kadi mpya kwanza, wewe subiri. Asiyetaka kusubiri, mwache auze kwa mwingine.

Namba zilizochorwa kwenye saiti mira hazifanani na za mbele. Ni gari la wizi?

Si lazima. Watu wanachora namba kwenye mira, taa na vioo kwa sababu ya wezi wa vipuri, kwa hiyo mira yenye namba ya gari jingine huenda ilinunuliwa mtaani. Ikiwa ni moja, nauliza ilibadilishwa lini na naendelea, ingawa ujue huenda nayo ni ya wizi. Ikiwa mira zote, taa na kioo cha nyuma vina namba ileile moja ambayo siyo ya kwenye kibao, hapo gari limebadilishwa namba. Huenda ni la mnada, huenda siyo. Mwenye nalo aonyeshe nyaraka za namba ya kwanza. Pitisha pia kidole juu ya kioo: maandishi yaliyosuguliwa huacha ukungu usiotoka kwa maji.

Nikishalipa, kuna ubaya kutumia kadi yenye jina la aliyeniuzia?

Upo, kwenu wote wawili. Kodi ya kuhamisha umiliki wa gari ni shilingi 50,000, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Utahitaji TIN yako na mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili. Usipofanya hivyo, yeye ndiye atatafutwa gari likigonga mtu, na wewe siku ya kuuza utaanza kumsaka, pengine amehama mkoa, pengine amefariki na itabidi uongee na msimamizi wa mirathi.