Maharage Yaliyochemshwa Tayari: Je, Yafaa Kununuliwa?

Katika masoko na mitaa ya Dar es Salaam, Kariakoo ikiwamo, mnunuzi wa jioni aweza kupata maharage ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maharage makavu, yanayopimwa kwa kilo kutoka magunia ya wafanyabiashara. Aina ya pili ni maharage yaliyokwisha kuchemshwa, yanayochotwa kwa kikombe kutoka katika sufuria kubwa na kutiwa katika kifuko. Mnunuzi wa aina hii ya pili akifika nyumbani huyaunga tu kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, na chakula huwa tayari kwa muda mfupi.

Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja cha kupanga, biashara hiyo ina maana kubwa. Jiko la mkaa lililowashwa kwa saa tatu huleta joto na hewa chafu chumbani, na mama aliyeshinda kazini hana saa tatu za kungoja. Hata hivyo, wengi huona kwamba kununua maharage yaliyoiva ni uvivu na upotevu wa fedha. Makusudi ya makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa njia ya sayansi: je, maharage yaliyochemshwa tayari yana faida kwa mnunuzi, na je, ni salama?

Kwa nini maharage huchelewa kuiva

Punje ya haragwe imejengwa kwa chembehai zilizounganishwa na gundi ya asili iitwayo pektini. Haragwe huiva pale pektini hiyo inapoyeyuka na chembehai kuachana. Katika ghala lenye joto na unyevu, kama ilivyo pwani, dutu iitwayo fitati iliyomo ndani ya punje huvunjika polepole na kuachia madini ya kalsiamu na magnesi. Madini hayo huikaza pektini isiyeyuke upesi. Ndiyo sababu maharage yaliyokaa miezi mingi katika ghala huwa magumu kuliko yale ya mavuno mapya, hata yakiwa ya mbegu moja.

Mbegu nazo hutofautiana. Wapishi hujua kwamba maharage ya njano huwahi kuiva kuliko mengi ya aina nyingine. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuchemsha, kwa kuwa maji hufika katikati ya punje kabla ya moto kuwashwa. Magadi pia huharakisha, kwani hupunguza nguvu ya kalsiamu katika pektini. Lakini magadi huharibu vitamini B1, na yakizidi huleta ladha ya sabuni.

Hesabu ya joto

Tuchukulie kilo 1 ya maharage makavu iliyolowekwa mpaka ikafyonza kilo 1 ya maji, kisha ikatiwa lita 2 za maji katika sufuria. Kupandisha halijoto ya mchanganyiko huo kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 100 huhitaji kilojouli 1,070 hivi. Baada ya hapo, maharage hayahitaji joto jingi. Yanahitaji tu kukaa katika halijoto hiyo kwa muda wa kutosha.

Upotevu mkubwa hutokea kwa njia ya mvuke. Kila lita 1 ya maji inayogeuka mvuke huchukua kilojouli 2,260, yaani zaidi ya maradufu ya joto lililotumika kuchemsha sufuria nzima. Mpishi anayeacha sufuria wazi na kupoteza lita 1 hutumia kilojouli 3,330 kwa jumla. Yule anayefunika vizuri na kupunguza moto, akapoteza robo lita tu, hutumia 1,635 hivi.

Kilo 1 ya mkaa ina kilojouli zipatazo 29,000. Tukichukulia kwamba jiko la kawaida hufikisha asilimia 20 tu ya joto hilo katika chakula, kila kilo ya mkaa hutoa kilojouli 5,800 zenye manufaa. Basi mpishi wa sufuria wazi huhitaji gramu 570 za mkaa, na mpishi wa sufuria iliyofunikwa gramu 280. Kifuniko peke yake huokoa nusu ya mkaa.

Muuzaji wa maharage yaliyochemshwa ana faida nyingine, nayo hutokana na jiometria. Sufuria ikiongezwa ukubwa mara 2 kwa kila upande, ujazo wake huongezeka mara 8, lakini eneo la nje linalopoteza joto huongezeka mara 4 tu. Kwa hiyo, joto linalopotea kwa kila kilo ya maharage hupungua kwa nusu. Jambo hili lina uzito kwa taifa. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilitumia kiasi cha tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ilitumika Dar es Salaam.

Hesabu ya fedha

Kilo 1 ya maharage makavu hutoa kilo 2 hadi 2½ za maharage yaliyoiva na kuchujwa. Anayenunua kilo 1 ya maharage yaliyochemshwa, kwa hiyo, hununua gramu 400 hadi 500 tu za maharage makavu. Kinachobaki ni maji. Kulinganisha bei ya kilo kwa kilo bila kukumbuka jambo hili ni kosa.

Bei hubadilika kila msimu, hivyo tutumie bei za mfano tu, ambazo kila darasa litaziondoa na kuweka za mtaa wake. Tuseme maharage makavu ni shilingi 3,000 kwa kilo, mkaa shilingi 1,000 kwa kilo, na maharage yaliyochemshwa na kuchujwa shilingi 2,000 kwa kilo. Tuseme pia kwamba kilo 1 makavu hutoa kilo 2.25.

Familia kubwa inayopika kilo nzima kwa sufuria wazi hutumia 3,000 + 570 = shilingi 3,570. Tukigawa kwa 2.25, kila kilo iliyoiva huigharimu shilingi 1,587. Ikifunika sufuria, gharama hushuka hadi 1,458. Familia hiyo haina sababu ya kununua yaliyochemshwa, isipokuwa thamani ya muda wake izidi tofauti hiyo.

Sasa tumtazame mtu anayeishi peke yake na kupika robo kilo. Maharage yake hugharimu shilingi 750. Lakini mkaa haupungui kuwa robo, kwa kuwa jiko ni lazima liwake kwa saa zilezile. Tuseme anatumia gramu 400. Jumla ni shilingi 1,150 kwa gramu 563 za maharage yaliyoiva, yaani shilingi 2,044 kwa kilo. Kwake yeye, kununua ni nafuu kuliko kupika, hata kabla ya kuhesabu muda.

Jungu la umeme lenye mgandamizo hubadilisha hesabu hii. Halijoto ndani yake hupita nyuzi 110, mvuke hautoki ovyo, na nusu uniti ya umeme yaweza kutosha kwa kilo 1. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, uniti moja ilikuwa shilingi 100 kwa watumiaji wadogo na shilingi 292 kwa watumiaji wa kawaida, bila kodi. Nusu uniti, basi, ni shilingi 50 au 146. Tatizo ni bei ya kununulia jungu lenyewe.

Hatari mbili zisizoonekana

Hatari ya kwanza ni ya maharage yasiyoiva barabara. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya jamii ya lektini iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zaweza kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuharisha katika muda wa saa 1 hadi 3. Matukio ya namna hiyo yalianza kutambuliwa Uingereza mwaka 1976. Sumu hii huharibiwa na maji yanayotokota, lakini haiharibiwi na joto dogo. Maharage yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu yaweza kuwa na sumu kali zaidi kuliko mabichi.

Hapa pana fundisho kutoka mbali. Mwaka 1940, Irving Naxon wa Marekani alipewa hataza ya jungu la umeme linalopika polepole, na kuanzia mwaka 1971 jungu la aina hiyo liliuzwa kwa wingi kwa jina la Crock-Pot. Jungu hilo huokoa nishati, lakini maharage mekundu yakitiwa humo bila kutokoteshwa kwanza, sumu huweza kubaki. Kanuni hiyohiyo huhusu kikapu cha kuhifadhi joto: maharage yalowekwe saa 5 au zaidi, maji hayo yamwagwe, na maharage yatokote sana kwa dakika zisizopungua 10, na heri 30, kabla ya sufuria kuingizwa kikapuni.

Hatari ya pili ni ya maharage yaliyoiva na kuachwa. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikipoa kuwa vuguvugu, huota na kuzaliana, na baadhi hutoa sumu isiyoharibika hata chakula kikichemshwa tena. Chakula kilichoiva kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32, kama inavyotokea mchana wa kiangazi Dar es Salaam, kisizidi saa 1. Maharage yaliyoepuliwa alfajiri na kuuzwa vuguvugu magharibi hayafai, hata yakinukia vizuri.

Hukumu

Yafaa kununua maharage yaliyochemshwa ikiwa kaya ni ndogo, jiko ni la mkaa, na muuzaji huyauza yangali moto wa kutoa mvuke. Hayafai ikiwa kaya ni kubwa, au ikiwa yamepoa na muuzaji hawezi kusema yaliepuliwa saa ngapi. Watafiti wa kilimo wa Kenya na Uganda, kupitia taasisi za KALRO na NARO, wamefanyia kazi njia ya tatu: maharage yanayopikwa kiwandani kisha kukaushwa, ili yaive upesi nyumbani bila hatari ya kuchacha njiani.

Zoezi la darasa

1. Pima gramu 200 za maharage makavu, yaloweke, yapike, yachuje, kisha yapime tena. Tafuta uwiano wa uzito.

2. Pima mkaa kabla na baada ya kupika, mara moja sufuria ikiwa wazi na mara moja ikiwa imefunikwa. Linganisha na hesabu ya makala haya.

3. Tumbukiza karatasi nyekundu ya litmasi katika maji ya maharage yaliyonunuliwa. Ikigeuka buluu, eleza muuzaji aliongeza nini, na mlaji amepoteza nini.

4. Kwa kutumia bei za sokoni kwenu, tafuta ni gramu ngapi za maharage makavu ambazo kwazo gharama ya kupika na ya kununua huwa sawa.