Ukilazimika Kuzima Ngao ya Mac

Kila anayeniuliza namna ya kuzima SIP kwenye Mac yake namrudishia swali: nani kakutuma? Mara nyingi jibu ni video ya YouTube, au karatasi ya maelekezo iliyokuja na programu ya kupakua bure. Wachache sana hunitajia kazi yenyewe inayodai jambo hilo. Kuzima ni shughuli ya dakika chache. Ugumu uko katika kujua kama unapaswa kuzima.

SIP ni kifupi cha System Integrity Protection, ngao ambayo Apple waliijenga ndani ya Mac mwaka 2015, pamoja na mfumo wa El Capitan. Kabla ya hapo kompyuta hizi zilifuata desturi ya kale ya Unix: mwenye mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, hufanya atakalo. Programu ikikuomba nenosiri nawe ukaliandika bila kusoma, umeikabidhi funguo za nyumba nzima, hadi chumbani. SIP ilipunguza mamlaka hayo. Tangu siku hiyo hata root haruhusiwi kubadilisha kitu ndani ya folda za /System, /bin, /sbin na /usr, isipokuwa /usr/local iliyoachwa kwa ajili ya vitu vyako mwenyewe. Haruhusiwi pia kupenyeza msimbo ndani ya programu za Apple zinapokuwa zinafanya kazi.

Sasa, Mac ina makufuli zaidi ya moja, na watu huvunja lisilohusika. Ukipata ujumbe kwamba programu haifunguki kwa sababu aliyeitengeneza hajulikani, aliyekuzuia ni Gatekeeper, na SIP haina habari. Nenda System Settings, ingia Privacy & Security, shuka hadi chini, utakuta kitufe cha Open Anyway. Kibonyeze ikiwa unaiamini programu hiyo. Basi. Kama ni kifaa cha kurekodi sauti au diski za nje kinachotaka kusimika kiendeshi chake ndani ya kiini cha mfumo, kwenye Mac zenye chipu ya Apple yenyewe (M1 na zilizofuata) unachohitaji kwa kawaida ni kushusha kiwango hadi Reduced Security kupitia Startup Security Utility, huku SIP ikibaki macho. Na wale wanaotaka kufuta mchezo wa Chess uliokuja na kompyuta, nawaomba wauache. Tangu mfumo wa Big Sur wa mwaka 2020, sehemu ya diski inayobeba mfumo imefungwa kwa lakiri ya kidijitali, kwa hiyo hata ukizima SIP, Chess atakutazama palepale. Kuvunja lakiri hiyo kunahitaji amri nyingine na kunakulazimu uzime FileVault, yaani usimbaji wa diski yako yote. Kwa ajili ya mchezo wa megabaiti chache!

Nani basi anahitaji kuzima kweli? Waandishi wa programu wanaochunguza namna mfumo unavyofanya kazi kwa ndani. Watafiti wa usalama. Wanaotumia zana kama yabai, inayopanga madirisha kwenye skrini, ingawa hata hiyo sehemu kubwa ya kazi zake huenda vizuri bila kugusa SIP. Kama humo kati yao, uwezekano mkubwa ni kwamba unadanganywa au umekosea kufuli.

Tuseme umo. Kabla ya yote, nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwa Time Machine, kisha fungua faili moja au mawili kwenye nakala hiyo ujiridhishe kwamba yanasomeka. Hakikisha unalikumbuka nenosiri la msimamizi wa kompyuta. Halafu fungua Terminal uandike:

csrutil status

Ikijibu enabled, ngao iko kazini. Chukua karatasi uandike amri ya kurudishia, csrutil enable, kabla hata hujaizima. Nasema karatasi kwa makusudi, maana utakapokuwa kwenye Recovery, mazingira ya pekee ya kuwashia Mac kwa ukarabati, hutaweza kufungua maelezo uliyoyahifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo.

Kuzima hakufanyiki ukiwa ndani ya mfumo wa kawaida. Lazima uingie Recovery, na hilo limewekwa makusudi ili kirusi kisiweze kukufanyia kazi hiyo kimyakimya. Kwenye Mac ya Intel, zima kabisa, washa, na papo hapo shikilia Command na R hadi nembo ya Apple itokee. Kwenye Mac yenye chipu ya Apple, zima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie mpaka uone maandishi kwamba machaguo ya kuwashia yanapakiwa. Chagua Options, kisha Continue, na ukiulizwa mtumiaji na nenosiri, toa. Juu ya skrini kuna menyu ya Utilities. Humo fungua Terminal, andika csrutil disable, bonyeza Enter. Mac zenye chipu ya Apple zitakuuliza kama una hakika, ujibu y, halafu zidai jina na nenosiri la msimamizi. Herufi hazionekani unapoandika nenosiri hapo. Wengi hudhani kibodi imekufa. Endelea tu. Ukimaliza, andika reboot.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda zaidi. Badala ya kubomoa ukuta mzima, unaweza kuondoa tofali moja. Amri ya csrutil enable --without debug, kwa mfano, hulegeza marufuku ya kuchunguza programu nyingine na kuacha ulinzi wa folda za mfumo ulivyo. Mac itakuonya kwamba mpangilio huo hauungwi mkono na Apple, na onyo hilo ni la kweli, lakini bado ni afadhali kuliko kuacha mlango wazi kabisa.

Wakati ngao imezimwa, fanya lile moja lililokupeleka huko. Usisimike kitu kingine, usifungue viambatisho vya barua pepe, na kama kazi haihitaji intaneti, zima Wi-Fi. Kumbuka kwamba SIP haijiwashi yenyewe. Waliozoea Windows wamedekezwa, kwa sababu ukizima ulinzi wa papo kwa papo wa Defender hujirudisha baada ya muda mfupi. Mac itabaki uchi mwezi, mwaka, hadi siku utakayorudi Recovery na ile karatasi yako. Ukirudi, andika csrutil enable, na kama ni chipu ya Apple pitia Startup Security Utility uhakikishe umerudi Full Security. Programu za iPhone na iPad, ambazo hugoma kufunguka kwenye Mac hizo SIP ikiwa imezimwa, nazo zitarudi kazini.

Wanaosema “mimi natembelea tovuti safi tu” nawakumbusha Septemba 2019. Wahariri wa filamu Hollywood waliwasha Mac zao, hazikuwaka. Walioshukiwa mwanzoni walikuwa Avid, kwa sababu wengi wa walioathirika walitumia programu yao ya uhariri. Kumbe ni kisasishi cha Google Chrome, chenye kosa lililoharibu kiungo cha folda ya /var, kiungo ambacho mfumo hauwezi kuwaka bila hicho. Mac zenye SIP zilikataa kosa hilo na wenyewe hawakujua lolote. Zilizoumia ni zile ambazo ngao ilikuwa imezimwa, na baadhi ya wahariri walikuwa wameizima ili kutumia kadi za michoro za makampuni mengine, wakaisahau. Hapakuwa na mwizi wala kirusi. Ilikuwa programu halali, kutoka kampuni inayojulikana, imekosea.

Wezi nao wapo, na bidii yao inaonyesha thamani ya ngao hii. Mwaka 2021 watafiti wa Microsoft waligundua ufa wa kuipita SIP, wakauita Shrootless, na Apple wakauziba Oktoba mwaka huohuo. Nyufa za namna hiyo hutafutwa kwa jasho. Anayeacha SIP imezimwa amewapunguzia watafutaji kazi.

Jambo la mwisho ni kwa wanaonunua Mac zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai au Uingereza. Kwenye Mac za Intel hali ya SIP huandikwa kwenye NVRAM, kumbukumbu ndogo iliyo nje ya diski, kwa hiyo muuzaji kufuta diski na kusimika mfumo upya si hakikisho kwamba ngao imerudi. Mwombe uandike csrutil status palepale dukani. Ikisema disabled, izime, iwashe ukishikilia Command na R, na usiondoke kaunta mpaka ngao iwashwe.