Mtaalamu Anapoalikwa Kuongoza Shirika la Kuhuisha Vijito

Olmotonyi ina jambo ambalo maeneo mengi hayana: Chuo cha Misitu, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1937, na ambacho wahitimu wake wametawanyika nchi nzima. Kwa sababu hiyo, wananchi wa huku wanapounda shirika la kuhuisha kijito kilichopungua au ardhioevu iliyogeuzwa shamba, hawahangaiki sana kumpata mtaalamu wa kuwaongoza. Ofisa misitu mstaafu yupo jirani, na Arusha mjini hawakosekani mhandisi wa maji, mhasibu na mwanasheria walio tayari kujitolea. Makala haya yanahusu swali linalofuata: mtaalamu huyo akishaketi kwenye kiti cha bodi, afanye nini, na nini akiache kwa wengine?

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Vijito vya miteremko ya kusini ya Mlima Meru hukusanyika katika mito kama Themi, Nduruma na Usa, ambayo huingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa hulisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huendelea hadi Bahari ya Hindi, ukizungusha mitambo ya umeme njiani. Maji yanayopotea huku juu yanakosekana kwa watu wengi huko chini. Ardhioevu, hata ile ndogo yenye ukubwa wa kiwanja cha mpira, hufanya kazi ya sifongo: hunywa maji ya masika, huyachuja tope, kisha huyaachia polepole wakati wa kiangazi. Ikichimbwa mifereji ya kuikausha ili ilimwe mboga, maji ya mvua hupita kwa siku chache kwa kasi na kubomoa kingo, na mwezi wa Septemba kijito huwa mawe matupu.

Hapa ndipo utaalamu unapohitajika, na hapa pia ndipo unapoweza kupotosha. Ofisa misitu amefunzwa kupanda miti. Akiitwa kuhuisha chemchemi, wazo la kwanza litakuwa kuandaa kitalu. Lakini mkaratusi, mti unaopendwa kwa sababu hukua upesi na kutoa nguzo, una kiu kubwa, na ukipandwa kwenye chemchemi huivuta badala ya kuilinda. Jirani zetu wa Kenya walilitambua hilo kwa gharama: mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na katika maeneo oevu. Mkuyu, mringaringa na msesewe ni miti iliyozoeana na kingo za vijito vyetu, nayo inafaa zaidi. Na mara nyingine tiba bora ni kutopanda chochote: kuziba mfereji uliokausha eneo, kuzuia ng'ombe wasikanyage chanzo, na kuyaacha matete na mafunjo yarudi yenyewe. Kazi ya namna hiyo haina picha nzuri ya kumpelekea mfadhili, na bodi yenye mtaalamu jasiri ndiyo itakayothubutu kumweleza mfadhili hivyo.

Historia ya Afrika Mashariki inao mfano mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu. Profesa Wangari Maathai alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1977, akiwa katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Chanzo chake kilikuwa malalamiko ya wanawake wa vijijini: kuni zimekuwa mbali, maji yamepungua, udongo unachukuliwa na mvua. Maofisa misitu wa serikali walimwambia kwamba kuotesha miche kunahitaji watu wenye stashahada. Wanawake wakaotesha wenyewe, wakitumia vyungu vilivyopasuka na makopo waliyoyapata nyumbani, nao wakaja kuitwa wataalamu wa misitu wasio na stashahada.

Kwetu sisi tunaoishi jirani na chuo kinachotoa hizo stashahada, habari hiyo inachoma kidogo. Hata hivyo, haidharau elimu. Maathai mwenyewe alikuwa msomi kuliko wengi waliompinga. Alichofanya ni kutumia usomi wake kupanga utaratibu ambao mtu asiyesoma angeweza kuufuata na kuusimamia. Mfano mzuri ni malipo: wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika ardhini na kuendelea kuishi, wala hawakulipwa kwa kila shimo lililochimbwa. Kanuni hiyo moja ilifanya kazi kubwa kuliko semina nyingi. Bodi zetu zinaweza kuichukua jinsi ilivyo, kwa sababu taarifa nyingi hutaja idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe, na ni chache zinazorudi baada ya viangazi viwili kuhesabu iliyobaki.

Mtaalamu anayeingia kwenye shirika la vijito hapa Meru akumbuke pia kwamba hakuti uwanja mtupu. Mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba imekuwapo kwa vizazi, nayo ina viongozi wake, zamu zake na faini zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu bonde la Themi ulieleza jinsi wakulima wa mifereji mbalimbali walivyounda kamati za mto ili kugawana maji wakati wa uhaba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inatambua jumuiya za watumiaji maji, na vibali vya kutumia maji hutolewa kupitia Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Shirika linaloziba mfereji wa kukaushia ardhioevu bila kuzungumza na kamati ya mto, na na laigwanani wa eneo, litakuta mfereji umefunguliwa usiku.

Sasa tufike kwenye jambo gumu kuliko yote. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu za binadamu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Tuchukue mfano wa mama mjane mwenye shamba linalokaribia ekari moja: upana wa mita 40 kandokando ya kijito na urefu wa mita 100 kupanda mlima. Mita 60 zikipimwa kutoka ukingoni, zinachukua mita za mraba 2,400 kati ya 4,000, yaani sehemu tatu kati ya tano za shamba lake, na ndiyo sehemu yenye unyevu inayomlisha wakati wa kiangazi. Jirani yake mwenye ekari kumi hatasikia uchungu huo.

Mwanasheria wa bodi anaweza kusema sheria ni sheria, na ofisa misitu anaweza kusema kijito hakitapona bila ukanda huo. Wote wawili wako sahihi, na mama bado hana chakula. Kwa maoni ya mwandishi, kazi ya bodi ya wataalamu huanzia hapo. Isome sheria kwa makini na kuwauliza maofisa wa mazingira na wa bonde ni matumizi gani hayaharibu ukingo. Mabingobingo yaliyopandwa kwa mistari hushika udongo, na hukatwa kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Mizinga ya nyuki haifukui ardhi. Shirika lipange bajeti ya kumsaidia mama huyo kuvuka misimu ya kwanza, kabla maziwa hayajachukua nafasi ya mboga. Tena liandike jina la kila mwenye shamba kwenye ramani kabla ya kuweka alama za mipaka. Ramani yenye mstari wa bluu wa mto na ukanda wa kijani tu imewaficha watu.

Kuhusu uendeshaji wenyewe maneno ni machache. Shirika husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, nalo hutoa taarifa ya kila mwaka ya kazi na fedha. Ofisa Maendeleo ya Jamii atatoa maelekezo. Bodi huweka mwelekeo na kukagua, na mtendaji hutekeleza. Mhandisi aliye kwenye bodi asiipe kampuni yake kazi ya kujenga kizuizi cha maji. Zabuni yake ikiletwa, atoke nje ya kikao, na kutoka kwake kuandikwe.

Suala la kipimo haliwezi kupitwa haraka namna hiyo. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kutokana na miamba ya volkano, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi iliyohuishwa inaweza kuwa safi machoni na bado ikaharibu meno na mifupa ya watoto. Kwa hiyo maji yapimwe maabara kabla shirika halijawakaribisha wananchi kuchota ya kunywa.

Kipimo cha wingi wa maji hakihitaji maabara. Katika kijito kidogo, maji yote yakielekezwa kwenye bomba fupi, ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha: ndoo ikijaa kwa sekunde kumi, kijito kinatoa lita mbili kwa sekunde. Mtaalamu awafundishe vijana wawili wa kijiji kufanya hivyo siku ile ile ya kila mwezi, waandike katika daftari linalokaa ofisi ya kijiji, na namba za Septemba na Oktoba zisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ziwe zimepanda au zimeshuka.