Kuwatega Nondo wa Viwavijeshi

Mwanzoni mwa mvua, shamba la mahindi laweza kuliwa na viwavijeshi likabaki mabua matupu kwa muda wa siku chache. Viwavijeshi wa Afrika hula nyasi na nafaka, kama vile mahindi, mtama, mpunga na ulezi.

Viwavi hawa hutoka wapi? Mama yao ni nondo, mdudu afananaye na kipepeo, arukaye usiku. Nondo huchukuliwa na upepo, na kwa usiku mmoja aweza kusafiri zaidi ya kilometa 100. Dhoruba za mvua huwakusanya nondo wengi mahali pamoja. Hapo majike hutaga mayai, nayo huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Viwavi wachanga ni wadogo sana, hata mkulima huwaona wakati mimea imekwisha kuharibika. Kwa hiyo yafaa kuwatambua nondo kwanza.

Mtego

Mtego ni ndoo ndogo yenye kifuniko. Chini ya kifuniko huwekwa kidonge chenye harufu kama ya nondo jike. Nondo dume huifuata harufu hiyo, akaangukia ndooni na kuuawa kwa dawa iliyomo. Usiiguse dawa hiyo.

Kuweka kumbukumbu

Katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa, Tanzania, wakulima walianza kuifanya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila asubuhi mtunzaji wa mtego huwahesabu nondo, hupima mvua, kisha huandika. Nondo wakizidi na mvua ikinyesha, wanakijiji huonywa wakague mashamba yao mapema.

Tazama mfano huu:

| Siku | Nondo | Mvua (milimeta) |
|---|---|---|
| Jumatatu | 0 | 0 |
| Jumanne | 2 | 0 |
| Jumatano | 3 | 12 |
| Alhamisi | 21 | 8 |
| Ijumaa | 26 | 0 |

Maswali

1. Nondo waliongezeka sana siku gani? Mvua ilianza kunyesha siku gani?
2. Mayai yakitagwa Alhamisi, yaweza kuanza kuanguliwa siku gani?
3. Kwa nini mtego huu hukamata madume tu?
4. Jumatatu hapakuwa na nondo. Kwa nini ilifaa kuandika 0?
5. Ungewashauri nini wakulima siku ya Ijumaa? Eleza sababu.